Leptini ya mama lishe na bodaboda: niamini namba hizi?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma uzamili hapa Dar es Salaam, utafiti wangu unahusu uzito na njaa kwa watu wanaofanya kazi saa nyingi. Nimechukua damu ya madereva bodaboda 38, wote wanaume, na mama lishe 38. Bodaboda nilikuwa nawapata saa mbili asubuhi wakitoka zamu ya usiku. Mama lishe hawapati nafasi mpaka saa nane mchana, wateja wakishapungua. Nimepima leptini, ile homoni inayotolewa na seli za mafuta, kwa ELISA, kipimo cha kingamwili na rangi. Pleti moja inaingiza sampuli 38 kwa pacha, yaani kila sampuli visima viwili, kwa hiyo nikaweka bodaboda pleti ya kwanza na mama lishe pleti ya pili, siku mbili tofauti. Stendadi, vile vimiminika vya kulinganishia vyenye kiasi kinachojulikana, ya juu ni nanogramu 50 kwa mililita, ya chini 0.78. Kontroli, kimiminika cha kukagulia pleti, ilipita pleti zote mbili: kiwanda kinaruhusu 14 hadi 24, nami nilipata 16.2 na 21.4. Mediani ya bodaboda ni 3.9, ya mama lishe 17.6. Mama lishe wanne wamesomeka juu ya 50, bodaboda watatu chini ya 0.78. Pleti ya pili ilikaa karibu na kiyoyozi, na stendadi za safu ya 1 zimesoma chini kuliko za safu ya 2. Tena usiku mmoja umeme ulikatika, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri ikazima kama masaa tisa, sampuli zikalainika. Msimamizi anasema wale wanne niwape 50, wale watatu niwape sifuri, nisonge mbele. Mimi nimeshaandika kwamba mama lishe wana ukinzani wa leptini, yaani wanayo tele ila ubongo hauisikii, kwa sababu wanaonja chakula kutwa nzima. Ninachohofia ni friza. Je, leptini imeharibika? Niamini matokeo haya? Nimebakiwa na seramu kama mikrolita 150 kila kichupa, na hela ya kununua pleti moja tu."

Marahaba, na pole kwa usiku ule wa umeme. Najua ulivyolala.

Nianze kwa kukutua mzigo mmoja halafu nikutwike mwingine. Friza yako haina kesi kubwa. Kesi iko kwenye mistari uliyoipitia haraka: saa ya kutoa damu, na uamuzi wa kuweka kundi zima kwenye pleti yake. Umenieleza hayo kama mtu anayeeleza njia aliyopita sokoni, kumbe ndiyo yanayoamua kama 3.9 na 17.6 zinaweza kuwekwa kwenye mizani moja.

Kwanza friza. Leptini ni protini ndogo, yenye uzito wa kilodaltoni 16 na amino asidi 146 inapokuwa kwenye damu. Kati ya homoni tunazozipima maabara ni mojawapo ya zile zinazovumilia. Kuganda na kuyeyuka mara mbili tatu haiisumbui sana. Ingekuwa insulini, na hasa kwenye sampuli ambazo chembe nyekundu zimepasuka, ningekuwa na maneno mengine, kwa sababu ndani ya chembe hizo kuna kimeng'enya kinachoitafuna insulini. Sampuli zako zililainika mara moja, ndani ya friza iliyofungwa. Andika tukio hilo kwenye daftari, na kwenye tasnifu litaje kwa sentensi moja, tarehe na masaa. Basi.

Lakini kulainika kule kunaleta hatari nyingine ambayo hukuitaja. Seramu ikiganda polepole na kuyeyuka bila kutikiswa hujipanga matabaka: juu panabaki majimaji mepesi, chini panakaa protini na chumvi. Ukitumbukiza pipeti juu unachota maji. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliwahi kupoteza pleti nzima namna hiyo. Vichupa vilikuwa vimeyeyuka vizuri, mimi nina haraka, nikavifungua na kuchota. Pacha wakatofautiana nusu kwa nusu: kisima cha kwanza hafifu, cha pili kimekolea, kwa sababu mchoto wa pili ulishuka chini zaidi. Nilimlaumu aliyeosha pleti kwa siku mbili. Kichupa kimoja kilichobaki mezani ndicho kilichoniumbua. Nilipokiinua kwenye mwanga niliona mstari katikati yake kama wa chai ya maziwa isiyokorogwa. Kwa hiyo angalia pacha wako wa sampuli. Kama wengi wanatofautiana kwa chini ya asilimia 10, ulichanganya vizuri. Wanaozidi asilimia 15 hao ndio wa kurudia.

Sasa tuingie ndani ya kisima chenyewe, maana mengine yote yanatokea hapo.

ELISA ya leptini huwa na kingamwili mbili. Ya kwanza imegandishwa chini ya kisima, kazi yake ni kuikamata leptini inapopita. Ya pili inakuja baadaye, inaishika leptini ileile upande wa pili, na yenyewe imebeba kimeng'enya. Ukishaosha, kinachobaki ni leptini iliyoshikwa pande zote mbili, pamoja na kimeng'enya chake. Unamwaga rangi, kimeng'enya kinaigeuza kuwa buluu. Unatia asidi, buluu inageuka njano ya ndizi mbivu, na mashine inasoma ukali wa njano hiyo kwenye nanomita 450. Mashine haijui leptini ni kitu gani. Inajua njano tu. Njano inageuzwa kuwa nanogramu na wale stendadi wako saba, kuanzia 50 kila mmoja nusu ya mwenzake hadi 0.78, pamoja na kisima kitupu. Wanane hao kwa pacha ni visima 16, ambavyo ni safu ya 1 na safu ya 2 kamili. Kila sampuli kwenye pleti inasubiri safu hizo mbili ziseme ukweli.

Umeona tunakoelekea. Kazi ya kimeng'enya, na hata kushikana kwa kingamwili, hutegemea joto. Maelekezo yakisema "joto la chumba" yanamaanisha nyuzi 20 hadi 25, joto la chumba cha wale walioyaandika. Chumba chetu cha Dar mwezi Februari bila kiyoyozi kinafika 31 bila kuomba ruhusa. Na pleti haipati joto sawa kila mahali; visima vya pembeni hupoa au kupata moto kabla ya vya katikati. Pleti yako ya pili ilikaa karibu na kiyoyozi. Ninachodhani ni kwamba safu ya 1 ndiyo iliyoelekea upepo, ikapoa, rangi yake ikachelewa. Stendadi wakisoma chini kuliko wanavyostahili, sampuli ya katikati yenye njano ya kawaida inaonekana imewazidi, na kompyuta inaipa nanogramu ambazo haina. Hiyo ingeeleza kwa nini kontroli ileile ilisoma 16.2 kwenye pleti ya kwanza na 21.4 kwenye ya pili.

Hapa ndipo neno "ilipita" linapotudanganya. Mipaka ya kiwanda, 14 hadi 24, imepanuliwa ili maabara za kila aina, kuanzia zenye mashine za kisasa hadi zenye kiyoyozi kinachotoa matone, ziweze kufanya kazi. Kupita kunakuambia pleti haikuharibika. Hakukuambii pleti mbili zinafanana. Gawanya mwenyewe: 21.4 kwa 16.2 ni 1.32. Kimiminika kilekile, kutoka chupa moja, pleti ya pili imekiongezea karibu theluthi. Na kila mama lishe wako yuko kwenye pleti hiyo. Kila bodaboda yuko kwenye ile nyingine.

Usikimbilie kugawanya namba zote za mama lishe kwa 1.32 ukadhani umemaliza. Kontroli moja inakuonyesha tofauti mahali pamoja tu kwenye grafu, na tofauti inaweza kuwa kubwa zaidi kwenye namba ndogo, au kubwa zaidi kwenye namba kubwa. Lakini kuna jaribio ambalo halikugharimu hata shilingi. Fungua faili la pleti ya pili, chora upya grafu kwa kutumia stendadi za safu ya 2 peke yake, kisha usome kontroli. Ikishuka kutoka 21.4 ikakaribia 16 au 17, umemkamata mwizi. Ikibaki palepale, kiyoyozi hakina hatia na tutatafuta kwingine: kuosha, dakika za kusubiri rangi, au mpangilio wa kumimina asidi. Jaribio hili ni la kupeleleza. Usilifanye kuwa matokeo yako ya mwisho kimyakimya.

Kwa nini uliweka kundi moja kwa pleti? Hukuandika sababu, ila naijua, kwa kuwa hesabu inavutia: visima 96, toa 16 vya stendadi na vinne vya kontroli, vinabaki 76, yaani sampuli 38 kwa pacha. Una watu 38 na 38. Unapanga vizuri, unabandika lebo, kila kitu kimekaa kama vyombo kabatini. Unadhifu huo ndio uliokuponza. Ungeweka bodaboda 19 na mama lishe 19 kila pleti, wakiwa wamechanganywa kwa kura, tofauti ya pleti ingewapiga wote sawa.

Sasa saa. Watu wengi, na hata baadhi ya walimu, wanaichukulia leptini kama kengele ya shibe: umekula, inapanda, unaacha. Haifanyi kazi hivyo. Leptini hutolewa na seli za mafuta, na kwa sehemu kubwa inaripoti ghala lina mafuta kiasi gani. Baada ya sahani ya wali hairuki kama insulini. Inabadilika polepole, na ina mwendo wake wa siku. Kwa anayelala usiku na kula mchana, hupanda kuelekea usiku wa manane na alfajiri, ikashuka asubuhi na kukaa chini kuelekea mchana. Kilele cha usiku kinaweza kuizidi ya mchana kwa nusu au zaidi. Na mwendo huo hufuata milo: kwenye majaribio yaliyochapishwa mwaka 1997 milo ilisogezwa mbele saa sita na nusu bila kubadilisha usingizi, na mwendo wa leptini ukasogea karibu kiasi hichohicho.

Rudi kwa watu wako. Dereva aliyekula chipsi mayai saa nane usiku na anatolewa damu saa mbili asubuhi, yuko wapi kwenye mwendo wake? Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kuloweka maharage, akanywa chai saa nne, akatolewa damu saa nane mchana, naye yuko wapi? Huwezi kusema, nami siwezi. Mtu asiyekula siku mbili, leptini yake hushuka zaidi ya nusu kabla mafuta ya mwili hayajapungua kwa kiasi cha kuonekana. Mwili unapiga mbiu ya njaa mapema. Ndiyo maana siku zote tunauliza: umekula lini mara ya mwisho? Kama swali hilo lilikuwemo kwenye dodoso lako, limeokoa sehemu kubwa ya kazi. Kama halikuwemo, wapigie simu wale unaoweza kuwapata, ingawa kumbukumbu ya mlo wa miezi mitatu iliyopita haina uzito mkubwa.

Hata tukisahau pleti na saa, bado kuna jambo moja ambalo hata vitendanishi vipya haviwezi kulitibu. Bodaboda wako wote ni wanaume, mama lishe wote ni wanawake. Mwanamke na mwanamume wenye BMI sawa (uzito ukipimwa kwa urefu), mwanamke huwa na leptini mara mbili hadi tatu. Sehemu ni kwa sababu ana mafuta mengi zaidi, hasa yale ya chini ya ngozi ambayo hutoa leptini kwa wingi, na sehemu ni homoni za jinsi, testosteroni huishusha. Kwa hiyo kabla hujaonjesha mtu yeyote mchuzi, ulitakiwa kutarajia tofauti ya mara mbili hadi tatu. Ulipata mara nne na nusu. Toa theluthi ya pleti, zimebaki mara tatu na kitu. Na mama lishe wako, kwa makadirio yangu, ni wanene kuliko vijana wa pikipiki. Sioni kilichobaki cha kumpa mwiko wa kuonjea.

Kwa upande wa ukubwa wa namba, usiogope. Mwaka 1996 utafiti uliojulikana sana wa Marekani ulipima watu wa uzito wa kawaida ukapata wastani wa 7.5, na wanene 31.3. Angalia mtawanyiko wao: 9.3 kwa wale wa kwanza, 24.1 kwa wa pili. Mtawanyiko unaokaribia au kuuzidi wastani wenyewe maana yake namba hazijajipanga kama kengele. Wengi wako chini, wachache wamepaa mbali. Umefanya vyema kutumia mediani. Kwenye hesabu za uhusiano chukua logi ya leptini.

Na neno "ukinzani" lifute. Najua linapendeza. Hadithi yake ni nzuri pia: Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliipata jeni ya leptini mwaka 1994 kwa panya wanene kupindukia, panya ambao miili yao haitengenezi leptini kabisa. Wakipewa, wanapungua. Dunia ikadhani dawa ya unene imepatikana. Halafu wakapimwa watu wanene, wakakutwa leptini wanayo tele, na walipodungwa zaidi wengi hawakupungua kitu cha maana. Hapo ndipo neno ukinzani lilipoingia. Lakini hakuna mstari uliokubaliwa kwamba juu ya namba hii mtu ana ukinzani na chini yake hana. Mtu mwenye mafuta mengi atakuwa na leptini nyingi. Ukimpima mara moja tu, namba hiyo inakueleza habari za ghala lake. Jinsi ubongo unavyoisikia, haikuelezi.

Kuna jambo lingine ambalo ELISA haiwezi kukuambia, nami hulitaja darasani kila mwaka. Kingamwili inatambua umbo. Mwaka 2015 madaktari wa Ujerumani walieleza habari za mtoto mdogo mnene sana, mwenye njaa isiyokatika, ambaye leptini yake ilisomeka juu kabisa kama ya mnene yeyote. Kumbe amino asidi moja ilikuwa imebadilika: leptini yake ilitambulika vizuri kwenye kisima lakini haikuweza kushika kipokezi chake mwilini. Alipopewa leptini nzima, njaa ikatulia, uzito ukashuka. Mashine ilikuwa sahihi, na mtoto alikuwa hana leptini inayofanya kazi.

Nije kwa msimamizi wako, kwa heshima zote. Wale wanne usiwape 50. Hujui kama ni 52 au 120, na wakipewa wote 50 unawakata vichwa wale hasa ambao utafiti wa unene unawahitaji. Wazimue. Mikrolita 30 za seramu kwa 120 za kizimuzi cha kwenye boksi, si maji, kisha namba utakayopata uizidishe kwa 5. Wale watatu usiwape sifuri. Sifuri ni kusema huna leptini kabisa, na hiyo kwa binadamu ni hali adimu mno; kesi za kwanza zilitangazwa mwaka 1997, watoto wawili mabinamu wa asili ya Pakistani waliokuwa wakitibiwa Uingereza, na walikuwa wanene kupita kiasi. Kijana mwembamba wa bodaboda mwenye leptini ya 0.6 ni mzima tu. Tena sifuri haina logi, utakwama hukohuko. Andika "chini ya 0.78" na utumie vipimo vya takwimu vinavyotumia mpangilio, ambavyo kwao inatosha kujua kwamba hao watatu ndio wa mwisho. Ila soma tena madodoso yao. Mtu aliyewahi kutumia dawa za zamani za VVU zilizokuwa zinamaliza mafuta usoni na miguuni anaweza kuwa na leptini ndogo kwa sababu hiyo. Upande wa pili, uliza kama kati ya wale wanne yupo aliyekuwa mjamzito, maana kondo la nyuma nalo hutengeneza leptini, au mwenye ugonjwa wa figo, maana figo ndizo zinazoiondoa.

Una hela ya pleti moja. Kurudia kila kitu huwezi, na hata ungeweza nisingekushauri, kwa sababu pleti mpya haibadilishi saa ya damu wala jinsia. Ninachopendekeza ni pleti ya daraja. Chagua bodaboda 17 na mama lishe 16, kuanzia wa namba ndogo hadi kubwa, usichukue walio mbele ya boksi. Ongeza wale wanne waliozimuliwa. Nafasi ya mwisho mpe mama lishe mmoja aliyesoma karibu na 30, umzimue vilevile: akirudi kati ya 24 na 36 baada ya kuzidisha, kuzimua kunafanya kazi na unaweza kuwaamini wale wanne. Jumla 38. Wapange kwa kura. Kama vitendanishi vyako vinataka mikrolita 50 kwa kisima, mikrolita 150 zinatosha pacha na kidogo kinabaki. Ukimaliza utajua pleti za zamani zilipishana kiasi gani kwenye urefu wote wa grafu, na utaweza kuzisawazisha kwa hesabu ambayo mtahini anaifuata.

Njia nyingine ni kutokununua chochote, kuacha kulinganisha makundi, na kuandika habari za kila kundi ndani ya pleti yake. Ndani ya mama lishe: leptini na kiuno vinakwendaje? Ndani ya bodaboda: leptini inakwendaje na BMI, na je, waliokula usiku wanatofautiana na wasiokula? Maswali hayo yako pleti moja, jinsia moja, saa moja. Kusema kweli tasnifu ya namna hiyo naipenda zaidi, hata kama jina lake halivutii. Njia ya msimamizi, kusonga mbele hivihivi, inawezekana pia, wengi wameipita, lakini mtahini atakayeuliza "pleti zilipangwaje?" atakumaliza kwa swali moja.

Unataka mfano wa kulinganisha makundi ya hapa kwetu? Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa vijiji viwili vya Tanzania, kimoja wanakula samaki wa ziwani kwa wingi, kingine wanakula zaidi mazao ya shamba. Leptini ya wala samaki ilikuwa chini kwa kiasi ambacho uzito haukuweza kukieleza. Unaweza kubishana nao kuhusu sababu, lakini kila upande ulikuwa na wanaume na wanawake, kwa hiyo jinsia haikujificha ndani ya chakula.

Karatasi zipeleke kwa watu ana kwa ana. Mtakwimu wa chuo aone namba mbichi za rangi, sio nanogramu peke yake. Msimamizi wa ubora wa maabara aone picha ya mpangilio wa pleti na namba za toleo la vitendanishi. Pipeti zako zipimwe kwa mizani ya maabara kabla ya pleti ya daraja. Pipeti ya mikrolita 50 inayotoa 46 haipigi kelele.

Kwa wasomaji wengine ambao nawaona wakijiandaa kwenda kulipia kipimo cha leptini ili wajue kwa nini hawapungui: hakitawaambia mnachotafuta. Ukiwa mnene kitakuja juu, ukifunga kula siku mbili kitashuka, na hakuna daktari atakayebadilisha matibabu kwa sababu hiyo. Kinachohitaji daktari bingwa wa homoni, na haraka, ni mtoto anayenenepa kupita kiasi tangu miezi ya kwanza na analilia chakula bila kutosheka, au mtu ambaye mafuta ya mwili yamepotea na huku sukari na mafuta ya damu yanapanda. Hao kuna dawa ya leptini yenyewe kwa baadhi yao, na kipimo kina kazi.

Wewe binti, leo jioni fanya ile hesabu ya safu ya 2 peke yake unitumie kontroli imesomaje. Na siku ya pleti ya daraja zima kiyoyozi nusu saa kabla au geuza upepo wake, acha pleti na vitendanishi vikae mezani mpaka vilingane joto, na kila kichupa ukigeuze juu chini mara kumi kabla hujashika pipeti.